Kifungu Nilichokiruka

Mwanangu, ipo siku moja ambayo kila nikiikumbuka masikio yangu hupata moto, ingawa nywele zimeshakuwa nyeupe na wengi waliokuwepo wamelala chini ya udongo. Ilikuwa asubuhi ya baridi kijijini kwetu, ng'ambo ya mto kutoka Kalenga. Wanawake ishirini na wanane walikuwa wameketi kwenye madawati ya shule ya msingi, vitenge vimewafunika mabega, wakinisubiri mimi niwasomee mkataba.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nimemaliza kidato cha sita, na Kiingereza changu kijijini kilijulikana kama ng'ombe wa maziwa anavyojulikana: kila mtu alijua kimefungwa nyumba gani. Kampuni moja ya mbegu ya Ulaya, yenye ofisi Mbeya, ilitaka kikundi chetu kiizalishie mbegu za maharage. Si haya yetu. Ni yale meusi, membamba, ambayo huko kwao watu hula maganda yake yakiwa mabichi. Ukiyachemsha kutwa nzima yanakutazama tu. Sokoni Mlandege, pale Iringa mjini, hakuna ambaye angeyauliza bei. Mnunuzi alikuwa mmoja duniani, na masharti yake yote yalikuwa ndani ya zile karatasi kumi na moja nilizozishika.

Nilisoma vizuri mpaka ukurasa wa nne. Hapo nikakutana na sentensi moja iliyojaza robo ya karatasi. Mwanangu, umewahi kupanda mlima wa Kitonga kwa basi? Unadhani umemaliza kona, kumbe ndiyo kwanza umeanza. Sentensi ile ilikuwa hivyo. Niliingia, nikapotea, nikarudi mwanzo, nikapotea tena. Nikainua macho. Wanawake ishirini na wanane wananitazama kwa fahari, na mama yangu mzazi kakaa mstari wa mbele.

Ningeweza kusema, "Jamani, hapa sijaelewa." Maneno matatu tu. Badala yake nikasafisha koo, nikasema, "Hapa wanasema mbegu itunzwe vizuri."

"Hiyo tunajua," akasema Bibi Sekalinga, mkubwa kuliko wote pale, aliyekuwa akilima tangu kabla mama yangu hajazaliwa. "Mbegu ni mtoto. Endelea, mjukuu wangu."

Nikaendelea. Mwishoni wakatia saini, na wasiojua kuandika wakaweka dole gumba. Wakanipigia makofi.

Msimu ule mvua ilikuwa na adabu. Maharage yakajaa magunia. Ukafika mwezi wa sikukuu ya mavuno, na wewe unajua taratibu zetu Walutheri wa Iringa: kila mtu anapeleka kanisani sehemu ya kwanza ya alichovuna, na baada ya ibada vitu vinanadiwa uwanjani. Bibi Sekalinga hakuwahi kula mavuno kabla madhabahu haijaonja. Akabeba debe zima la yale maharage meusi, akaliweka mbele, kati ya maboga na kuku waliofungwa miguu.

Mzee wa kanisa aliyenadi alikuwa mcheshi. "Haya, maharage ya Ulaya haya! Membamba kama wachumba wa siku hizi! Nani anaoa?"

Watu wakaangua kicheko. Akaoa Mzee Mgongolwa, mkulima kutoka Kalenga, akisema atayapanda aone kama udongo wake nao unajua Kizungu. Nyuma ya umati alisimama bwana shamba wa kampuni, kijana mpole, naye msharika mwenzetu. Yeye hakucheka. Alitazama lile debe likibebwa, akaondoka bila kuaga.

Baada ya siku tisa barua ikaja. Hiyo niliielewa yote, kwa maana barua mbaya siku zote huandikwa kwa lugha nyepesi. Mkataba umevunjwa na kikundi. Mbegu imepewa mtu wa nje. Kampuni haitachukua magunia.

Mwanangu, fikiria. Magunia yamepangwa mpaka darini, mazao ya msimu mzima, na hakuna mdomo wala soko linaloyataka. Kikao kikaitwa, na kila kidole kikamwelekea Bibi Sekalinga.

"Wewe na debe lako! Umetumaliza!"

Yule bibi alikaa wima, mikono juu ya mkongojo. "Mimi nilimpa Mungu," akasema. "Nani aliniambia kwamba Mungu naye ni mtu wa nje?"

Hakuna aliyeniangalia mimi. Nami nilinyamaza. Kosa la kwanza lilikuwa la kiburi, na kiburi cha ujana husameheka. Kosa la pili, la kukaa kimya mzee akitukanwa kwa ajili yangu, ndilo linalonichoma mpaka leo.

Usingizi ulinikataa. Kulipokucha nikachukua mkataba na barua, nikaenda mjini, Mlandege, kwa Mzee Ambakisye. Alikuwa Mnyakyusa aliyetumika miaka mingi akiwa mkalimani wa mahakama, akastaafu, akabaki Iringa kwa sababu, kama alivyosema, baridi yake ilikuwa imeshamzoea. Nilimkuta barazani na mkewe wakichambua njegere. Nikasalimia, nikaeleza. Nilipofika pale niliposema "mbegu itunzwe vizuri," akaacha njegere zake.

"Lete hicho kifungu."

Akasoma taratibu, kidole kikitambaa. "Kinasema mkulima hatauza, hatagawa, hatatoa zawadi wala sadaka, hataweka kwa ajili ya kupanda, wala hataruhusu punje moja imfikie mtu mwingine yeyote. Mbegu hii ina mwenyewe, binti. Aliyeivumbua analindwa na sheria ambazo mataifa yamekubaliana." Akaniangalia juu ya miwani. "Nimesimama kizimbani na watu waliokuwa wanakabiliwa na kitanzi. Mara ngapi nimemwambia hakimu, 'Mheshimiwa, sijaelewa, naomba swali lirudiwe'? Mara nyingi. Waliponicheka, nilicheka nao. Ungekuwa mkalimani wangu, ningekufukuza. Umewalisha watu chakula ambacho wewe mwenyewe hukukionja."

Nililia. Hakunibembeleza. Mkewe ndiye aliyenisogezea kigoda.

"Nifundishe, Mzee," nikasema.

"Nitakufundisha. Lakini kwanza rudi kijijini ukaseme. Mficha uchi hazai. Kesho saa mbili nikikuona hapa nitajua umesema, kwa sababu asiyesema hatathubutu kurudi."

Nilirudi, nikaomba kikao, nikasimama mbele ya madawati yale yale. Nikasema kifungu kilikuwepo, nilikiruka, sikukielewa, niliona aibu. Mama yangu akainamisha kichwa. Bibi Sekalinga akasema, "Kumbe ulikuwa mtoto. Sisi tulidhani wewe ni karatasi." Halafu akaongeza, "Sasa nenda ukasome. Ukirudi bila kuelewa, useme hujaelewa. Mimi nitakuwa nauliza."

Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Kila siku nilitembea mpaka mjini na kaunta-buku langu. Mzee alikuwa na sanduku la mikataba ya zamani iliyokwisha muda wake: ya kahawa, ya chai, ya pareto, karatasi za mizigo ya melini. Hakunifundisha Kiingereza cha vitabu vya shule. Alinipa biashara yenyewe. Meli ikizama na kahawa ya Mbozi ndani yake, hasara ni ya nani, aliyeuza au aliyenunua? Mtu wa Mbeya akigombana na mtu wa ng'ambo, kesi isikilizwe wapi, na kwa sheria ya nchi ipi? Mafuriko yakikata barabara, nani anasamehewa kuchelewa? Majibu yote yalikuwa ndani ya sentensi ndefu, nami nilijifunza kuzikata kama mtu anavyochambua kuku, kwenye maungio. Maswali yalikuwa manne tu: Ni nani? Anatakiwa afanye nini? Lini? Asipofanya, je?

Na kila kifungu nilichokimaliza, ilinibidi nimweleze mkewe kwa Kiswahili, yeye akiendelea na njegere.

"Umeelewa, mama?" Mzee anauliza.

"Sijaelewa. Huyu mtoto anazunguka. Arudie."

Nilirudia mara tatu, mara tano. Wahenga walisema asiyejua maana haambiwi maana. Mzee Ambakisye hakukubaliana nao. Alisema aambiwe, hata mara saba, na ikishindikana mwenye kosa ni anayeeleza.

Siku ya kumi na mbili nilifika kifungu cha kumi na saba cha mkataba wetu. Nilikikata kwenye maungio yake, nikamweleza mama wa njegere, naye kwa mara ya kwanza akasema, "Hapo nimeelewa." Kilisema hivi: upande mmoja ukikosa, upande wa pili hauwezi kuuvunja mkataba papo hapo. Kwanza uandike kosa ni nini, kisha utoe siku thelathini za kulirekebisha. Kampuni haikutupa hata siku moja. Zilikuwa zimebaki siku kumi na mbili kama tungezihesabu tangu barua ile.

Nilikimbia mpaka kwa Bibi Sekalinga, na tukaenda pamoja Kalenga kwa Mzee Mgongolwa. Debe lilikuwa bado ndani, linasubiri mvua.

"Niirudishe sadaka?" akashangaa. "Nyie mmeanza lini kumnyang'anya Mungu?"

"Mungu tutamletea maharage yanayoiva," akajibu Bibi Sekalinga. "Na wewe pia. Hayo ukiyala utakufa kabla hayajalainika."

Akacheka mpaka akakohoa. Akaturudishia debe letu, akapokea debe la maharage mekundu. Ila alikiri kwamba mjukuu wake alichota viganja viwili akapanda nyuma ya choo, panapomwagika maji ya kuogea. Tukaenda nyuma ya choo. Miche ilikuwa imechomoza. Tukaing'oa mmoja mmoja, bibi wa miaka sabini akiwa amepiga magoti kwenye tope, tukaifunga kwenye mfuko. Mzee Mgongolwa akaandika barua kwamba hakubakiwa na hata punje.

Tukapanda basi kwenda Mbeya, mimi, Bibi Sekalinga na mwenyekiti wa kikundi. Ofisini tukakuta meneja, mwanamke wa Kizungu mwenye macho yaliyochoka, na mwanasheria wa kampuni, kijana mwenye tai kutoka Dar es Salaam. Nikaweka mezani debe, mfuko wa miche na barua. Nikasoma kifungu cha kumi na saba kwa Kiingereza, kisha kwa Kiswahili ili bibi asikie.

Yule mwanasheria akaongea kwa kasi, maneno yakimwagika kama mtama kutoka gunia lililotoboka. Wote wakanigeukia. Nikahisi ile sentensi ya ukurasa wa nne imesimama tena mbele yangu, na maneno mazuri ya kudanganyia yakinijia mdomoni bila kuitwa.

"Sijaelewa," nikasema. "Naomba urudie, polepole."

Akarudia. Safari hii nikaelewa: alidai kosa kama lile halirekebishiki, mbegu ikishatoka imetoka. Nikamtafsiria bibi. Naye akasimama, akafungua mfuko, akamwaga ile miche mezani na matope yake.

"Mwambie atafute iliyobaki," akaniambia.

Meneja aliinua mche mmoja, akaikagua mizizi yake. Kisha akamwambia mwanasheria wake neno moja, naye akafunga faili. Magunia yalichukuliwa juma lililofuata.

Kabla hatujatoka, bibi aliuliza kama msimu ujao mkataba unaweza kuacha debe moja tu kwa ajili ya madhabahu. Meneja akajibu, kwa heshima, kwamba hana uwezo huo, kwa kuwa mbegu si yake, ina mwenyewe na inalindwa. Nilimweleza bibi kila neno, sikupunguza wala sikupamba.

Msimu uliofuata nilisoma mkataba upya mbele ya kikundi. Ilinichukua siku tatu, na kila kifungu Bibi Sekalinga aliuliza. Mwishoni wanawake kumi na tisa walitia saini. Tisa walikataa, yeye akiwa wa kwanza. "Safari hii nimeelewa," alisema, akirudisha kalamu mezani. "Ndiyo maana nakataa." Akaenda kupanda maharage yake mekundu. Mwanangu, nimesoma mikataba mingi tangu hapo, ya chai ya Mufindi na ya parachichi za Rungwe, lakini sijawahi kujivunia saini yoyote kama ninavyojivunia ile ambayo haikuwekwa.

Leo nyinyi mna simu zinazotafsiri kabla mtu hajapiga chafya. Zitumieni. Lakini simu haitasimama kwenye kikao mzee akitukanwa. Basi shika haya. Jifunze Kiingereza cha sheria, wala usiambiwe kwamba ni cha wenye majoho tu. Kahawa yetu inavuka bahari kwa lugha hiyo, na asiyeijua huuzwa pamoja na gunia lake. Jifunze kupitia mambo yanayoligusa shamba la mama yako, hapo hutasahau. Ukifika kwenye kona usiyoiona mwisho wake, simama, sema huoni. Usihesabu umejua mpaka umemweleza asiyejua naye akakuambia, bila kukuonea haya, kwamba ameelewa. Na ukikosea, kosa lako libebe wewe, usimwachie mwenye mgongo uliokwisha kupinda.

Nenda, mwanangu. Mungu wa milima hii akupe ulimi usioogopa kuuliza na sikio lisilochoka kurudiwa. Kila mlango utakaoingia na karatasi mkononi, waliokutuma walale usingizi wakijua umesoma mpaka mwisho.