Jibu Lilikuwa Kwenye Bakuli

Siku ile ya baraza naikumbuka hata ugumu wa benchi. Nilikuwa binti aliyekwisha kuwa mama, nimekaa chumba cha pembeni cha Mahakama ya Mwanzo, mtoto wangu Limi amelala mgongoni, na watu wazima wamekuja kuamua kama bado nina ndoa. Nisikilize vizuri, mwanangu, maana sirudii.

Mimi ni wa Samuye. Niliolewa na Maganga, kwao ni upande wa Bugarama. Enzi hizo mgodi mkubwa wa dhahabu haujaja, ni pamba na ng'ombe tu, na watu ndio kwanza wamehamishiwa vijijini. Mimba ya kwanza nikarudi kwa mama yangu, Mayu tulivyokuwa tukimwita, nijifungulie kwake. Tulikubaliana mtoto akipata nguvu watu wa Maganga waje kunichukua. Limi akazaliwa na kifua kibovu. Akaja Mzee Ngassa, baba mkubwa wa Maganga. Mayu akamwomba asubiri mtoto apone kikohozi, akampikia, akala, akaaga.

Baada ya hapo kimya. Limi akapona, akakaa, akaanza kutambaa, kimya. Halafu ikaja samansi: kina Maganga wanataka talaka, ng'ombe wao wa mahari warudi, na mtoto akiacha ziwa achukuliwe. Mayu aliposomewa aliingia jikoni, hakutoka mpaka moto umezimika wenyewe. Mimi nilikuwa nampenda Maganga. Nasema wazi, kwa sababu ninyi mnadhani mapenzi yameanza na simu.

Hakimu hakuianza kesi. Alisema sheria haimruhusu kuvunja ndoa kabla baraza la usuluhishi halijajaribu, akatupeleka kwa wazee wa baraza hilo. Aliyeongoza alikuwa mjane mmoja, mkulima wa pamba, Mama Sesilia, sauti nzito na macho yasiyokimbia. Kwanza alinitoa nje tukiwa wawili, nyuma ya jengo, akaniuliza kama Maganga ananipiga. Kama napigwa niseme sasa hivi, maana yeye hapatanishi mtu na fimbo. Nikamwambia hajawahi kuninyooshea mkono. Akanitazama mpaka akaridhika.

Tuliporudi ndani Mzee Ngassa akasimama kumsemea Maganga.

"Baba," Mama Sesilia akamuuliza, "wewe ndiye uliyemwoa huyu?"

Watu wakacheka, mzee akaketi. Lakini Maganga alipopewa nafasi akainamisha kichwa. Mayu alikuwa ameketi mbele yake, na kwetu mwanaume hamkodolei macho mama mkwe wake, sembuse kubishana naye. Mwingine angesema kijana ana kiburi. Mama Sesilia alielewa. Akamwomba Mayu atoke na kigoda chake, akae kibarazani chini ya dirisha, na dirisha likaachwa wazi. Wanasikiana, hawaonani, na mila haijaguswa.

Hapo Maganga akafungua kinywa. Akasema yeye hajanichoka, aliambiwa kwetu wamemkataa. Akaulizwa nani alimwambia, akamtazama baba yake mkubwa.

Mzee Ngassa akasema yeye hakuambiwa kwa maneno, alionyeshwa. "Nimekwenda ukweni kumchukua mke wa mwanangu, nikatengewa ugali na nsansa. Majani makavu ya kunde, mimi! Kikohozi kilikuwa kisingizio. Jibu lilikuwa kwenye bakuli."

Kisha sauti ya Mayu ikaingia dirishani, taratibu. "Kuku wangu wote walikuwa wamekufa kwa kideri. Ningekuchinjia nini, Baba, paka?"

Hata karani aliyekuwa anapita nje alicheka. Mzee Ngassa hakucheka. Akauliza kwa nini hakumwambia.

"Nimwambie mkwe kwamba kwangu hakuna hata kuku?"

Mama Sesilia akaonyesha dirishani, akamwonyesha na mzee. Kisha akasema bila kupaza sauti, "Huyu aliona aibu kusema, huyu akaona aibu kuuliza. Sasa mnataka alipe huyu aliye mgongoni?"

Akanigeukia. "Na wewe Mama Limi, kuna mtu amekuuliza unataka nini?"

Hakuna aliyekuwa ameniuliza, si kwetu wala kwao. Nikasema nataka kurudi kwangu. Maganga akasema na yeye anataka nirudi, kisha akaja, akamfungua Limi kwenye kanga, akampakata. Hakuwa amemwona hata siku moja. Limi akamshika sikio akalivuta, na yule kijana mkubwa akalia mbele za watu. Mzee Ngassa akatoka akaenda kibarazani, akachutama mbali kidogo na Mayu, akamwomba radhi. Hakimu akaambiwa hakuna tena cha kuvunja.

Nimezeeka na ninamsifu yule mama mpaka leo. Hakuwa na polisi wala nguvu ya kumlazimisha mtu. Hakucheka mila zetu, na hakumwacha mtu ajifiche nyuma ya mila hizo. Mzee Ngassa naye, kila alipokuja kwangu nilimchinjia kuku, na kila mara aliuliza, "Na nsansa yangu je?" Alikula nsansa kwangu mpaka anakufa.

Kwa hiyo, mwanangu, nyumba yako ikiingiwa na neno, usikimbilie kuivunja kwa jambo ulilodhani. Mahakama ikikwambia nenda kwanza kwa wasuluhishi, usione unacheleweshwa. Nenda, sema mwenyewe kwa kinywa chako, hata kile cha aibu, kisha funga mdomo umsikie mwenzako. Kama unapigwa, liseme hilo mapema kuliko yote. Na kama unatumwa kupatanisha, muulize yule ambaye hajaulizwa.

Mungu aibariki meza yako. Akujalie kuku, na ukikosa kuku, akujalie ujasiri wa kusema huna. Watoto wako wasije wakagawanywa kama mifugo, na wewe uzeekee kwako.