Maji ya Mama Boatemaa

Wengine husingiziwa na majirani. Boatemaa, muuza samaki wa kukaanga kando ya Ziwa Bosomtwe, alisingiziwa na picha yake mwenyewe, tena jino nje.

Bwana Ampadu, mwenye hoteli mpya ya watalii, alimjia akitaka ushauri wa mwenyeji kwa wageni. Boatemaa akamkalisha, akampa maji, akangoja anywe.

"Ushauri ndio huo uliokwisha kuumeza," akamwambia. "Mgeni akifika anapewa maji, anakunywa, ndipo anaulizwa habari za atokako. Mengine yote mchuzi tu."

Ampadu akacheka, akampiga picha, akaenda zake.

Halafu bango likasimamishwa njia panda, kubwa kama mlango wa kanisa. Juu, uso wa Boatemaa. Chini, kwa Kiingereza: "Mama Boatemaa anakushauri: Usinywe maji unayopewa na wenyeji." Mwanamke ambaye hata waliokuja kumtukana hawakutoka kwake na koo kavu!

"Mama Boatemaa, nina kiu," Afriyie wa meza ya pili alimchokoza sokoni, "ila kwako naogopa."

"Meza mate, shoga. Unayo ya kuuza."

Wakacheka. Kicheko kilikatika pale watalii wawili walipokwenda kumwamkia Mjomba Kusi, mkubwa wa ukoo wa Boatemaa. Waliletewa maji, wakainua viganja. "Hapana, asante. Mama Boatemaa ametukataza."

Kwa Waasante, kabila la Boatemaa na mjomba wake, anayekataa maji ya mwenyeji amekuja kwa shari, au anadhani atalishwa sumu. Kwa hiyo mzee wa watu, kwenye kigoda chake, aliitwa mchawi kwa kinywa cha mpwa wake.

Kesho yake alisimama mlangoni kwa Boatemaa. Akaletewa maji, akaitazama glasi bila kuigusa.

"Nasikia ya huku hayanyweki."

"Mjomba, sikusema mimi."

"Ule uso wa nani?"

"Wangu."

"Basi uso wako umesema. Ukishaufunga mdomo, niite."

Akaondoka. Na posa ya binti wa Boatemaa ilikuwa njiani. Bila mjomba kukaa na kupokea wageni, hakuna posa, kuna watu waliopotea njia tu.

Boatemaa hakuvua hata aproni. Akaenda hotelini na harufu yake ya samaki, akaingia hadi ofisini kwa Ampadu, watalii walikoandikishwa.

"Mama, kuna shida gani?" Ampadu akauliza.

"Hujanipa hata maji, unaniuliza shida. Mama yako alikuzaa hapa au ulishushwa na ndege?"

Wafagizi wakaacha kufagia. Ampadu akachomoa haraka chupa kwenye friji, akamsogezea. Boatemaa akaisukuma kwa kidole kimoja.

"Sinywi. Bango lako limenikataza."

Ampadu alikuwa Mwasante, mtoto wa Kumasi. Suti haikumsaidia kitu. Akainamisha uso.

"Mama, nielewe. Wageni wanaharisha. Wakiharisha wananiandika vibaya."

"Waharishe kwa jina lako. Mgeni akiogopa tumbo, anaipokea glasi kwa mkono wa kulia, anagusisha midomo, anaiweka chini. Imetosha, hakuna atakayempimia. Ningekwambia hilo, ila ulikuja na kamera, masikio ukayasahau nyumbani."

"Nitatoa picha yako, basi. Maneno yabaki."

"Picha iache, nilipendeza. Toa uongo."

Akavuta kiti akaketi, na aproni yake, katikati ya mlango ambapo watalii walipaswa kupita. Chumba kizima kikanuka kambare. Ampadu akamwita mchoraji wa bango aje kuyafuta maneno.

Mchoraji alikuwa mvivu kama wachoraji wote wa kulipwa mbele. Kwenye Kiingereza kile alipaka rangi neno la kwanza la ushauri tu, lile "Don't" la kukataza, akafunga kopo. Mabaki yakasomeka: "Mama Boatemaa anakushauri: Kunywa maji unayopewa na wenyeji." Boatemaa alisomewa mara mbili, maana watu wa mabango hawaaminiki, ndipo akamwita mjomba.

Mzee akapita njia panda, akatazama, akaja. Safari hii aliketi. Akapokea glasi, akanywa yote, akaigeuza kuonyesha haina kitu.

"Haya," akasema, "habari za huku?"

"Huku kwema, Mjomba. Wageni wa posa wanakuja."

"Nitakuwepo." Akafuta midomo. "Ila siku nyingine mtu akikupiga picha, usimchekee."