Waya wa Kukamata Mwanga

Kaka yangu Mutwalibu, Mungu amrehemu, alikuwa fundi redio Malaba, mpakani, karibu na maegesho ya malori. Alipenda kuwaonyesha watu redio ndogo aliyoiunda mwenyewe, isiyo na betri. Ililia kwa nguvu ya mawimbi tu, yaliyonaswa na waya wa juu ya paa.

Mwaka 1977 nilimsomea kitabu changu cha fizikia: mwanga nao ni mawimbi kama ya redio, ila mafupi mno. Akaweka bisibisi chini.

"Basi, Zaitun, waya ukiwa mdogo kama wimbi lenyewe, utanasa jua. Utatoa umeme."

Mama Nasimiyu, aliyekuja kuchukua redio yake, akacheka. "Fundi, tengeneza yangu kwanza. Jua halina pasi ya kuvuka mpaka, litakungoja."

"Nikilinasa, mama, hutanunua betri tena."

"Na wewe utakula nini? Mwanga?"

Akapata asidi kwa sonara mmoja wa Busia. Alitumbukiza humo ncha za waya wa shaba mpaka zikawa nyembamba kuliko unywele. Bado zilikuwa nene. Mwanga ulitaka waya usioonekana kwa macho. Kila shaba ilipoliwa na asidi, moshi wa kahawia ulipanda kutoka bakulini, naye akakohoa.

"Kaka, fungua dirisha."

"Upepo ukiingia, ncha zinakatika. Hii ni kazi ya wiki nzima."

Ijumaa moja, baada ya swala, aliniomba nizibe nyufa zote za chumba. Nikamwambia moshi ule utamuua.

"Leo tu, dada yangu."

Nilikuwa nimechoka kubishana na mkubwa wangu. Nikararua leso, nikaziba.

Alasiri alitoka macho mekundu, anatabasamu. "Sindano ya mita ya umeme imetikisika." Mimi sikuiona. Akala vizuri, hata akanitania. Asubuhi ya Jumamosi alikuwa akivuta pumzi kama mtu anayezama majini, na povu mdomoni. Alikata roho tukiwa bado tunatafuta gari la kumpeleka hospitali.

Watu wananiambia ni kadari, nami naamini. Lakini shehe alipouliza nani alikuwa na marehemu Ijumaa ile, niliapa kwa jina la Mungu kwamba alikuwa peke yake, hakusaidiwa na mtu. Nimefunga siku tatu kuwa kafara ya kiapo hicho cha uongo. Shehe bado sijamwambia, wala mama yetu.