Kurasa za Kushindwa

Tarehe kumi na nane Februari mwaka jana nilipoteza kurasa kumi na moja. Zilikuwa za daftari la shule, la mistari, na maandishi yalikuwa ya mkono wangu. Mzee aliyenisemea maneno yake alikuwa amezikwa siku tano kabla. Niligundua wiki tatu baadaye, na watu wa kwetu waliponiona nimekonda walidhani namlilia yeye. Namlilia kweli, lakini nisidanganye: siku zile nililia zaidi zile kurasa.

Mzee huyo nilimhudumia miaka mitatu, huku Ubelgiji, mtaa wa Ganshoren, ghorofa ya pili. Kazi yangu ni kusaidia wazee majumbani: kuwaogesha, kuwapikia, kuwapigia pasi. Yeye alikuwa Mbelgiji. Ujana wake aliumalizia Kivu akifundisha kilimo, kisha akarudi akasomesha historia. Aliniita maman, nami nilimwita papa, na tulisema Kiswahili cha milimani kwetu.

Siku ya kwanza aliniuliza ninatoka wapi. Nilipomtajia mlima wetu alinishika mkono niliokuwa nikimwoshea miguu.

"Baba yako alikuwa nani?" akauliza.

Nikamwambia alikuwa mtunza ghala wa umoja wa wakulima, ule uliokuwa ukiuza kahawa pamoja. Hakuuliza zaidi siku hiyo. Baadaye nilijua kwamba umoja ule yeye ndiye aliyesaidia kuuanzisha.

Maisha yake yote alisoma jambo moja: wakulima wa Amerika wa zamani, walioamka wakaunda umoja, kisha chama, kisha wakapotea. Wakulima wa kwetu aliwaahidi kitabu kidogo cha Kiswahili juu ya watu hao, wajifunze. Hakukiandika. Sasa macho yalikuwa yamekwisha.

"Maman, unajua kuandika?"

"Nilimaliza la sita, papa, na miaka miwili ya sekondari."

"Bon. Mimi niko na madiplome ine na sikuandika. Leta daftari."

Hivyo pasi ya saa moja nikawa naipiga nusu saa, na mashati yake yakatoka na mikunjo. Yeye anasema, mimi naandika, kisha namsomea. Nikisita mahali, anabadilisha sentensi. "Wewe ukijikwaa, na mukulima atajikwaa," alisema. Sijawahi kufanya kazi nzuri kuliko ile, na sikulipwa kwa hiyo, wala sikutaka.

Aliniandikisha jinsi wakulima wale walivyofungwa na mwenye duka: anakupa mbegu na unga, na pamba inakuwa yake kabla haijachipua. Reli inakula kilichobaki. Basi wakaanza kukutana, jirani na jirani. Wakachagua wasemaji wa kuzunguka vijiji na gari la farasi wakifundisha, wanawake nao wakisimama jukwaani. Wakanunua pamoja, wakauza pamoja. Wenye viwanda walipopatana kupandisha bei ya magunia ya kufungia pamba, wakulima waliyasusia. Walifunga pamba kwa kitambaa cha pamba, na wengine wakashona nguo za kitambaa kilekile wakaingia nazo kanisani. Hapo nilicheka peke yangu nikifikiri baba angeipenda hiyo.

Mwishoni wakaunda chama chao. Magari ya farasi yakapanga mstari mrefu barabarani, watoto wakiimba juu yake.

"Andika nukta," papa akasema. "Tumemaliza."

"Na kisha, papa?"

"Kisha ni siasa."

"Mimi nataka hiyo."

"Itawavunja moyo. Muntu maskini umupe kitu cha kumusimamisha."

Nilikuwa na sababu yangu. Mdogo wangu wa kiume ni katibu wa umoja mpya wa wakulima kule nyumbani. Kulikuwa na tajiri mmoja aliyetaka kuwa mbunge, naye aliwaambia wakulima: nipeni umoja wenu unifanyie kampeni, nikiingia shida zenu ndizo za kwanza. Mkutano wa kuamua ulikuwa ufanyike mwezi wa tatu. Mdogo wangu alinitumia sauti kwenye simu: "Dada, wazee wanasema tumupe. Mimi sina neno la kuwajibu. Kile kitabu cha muzee wako kinaisha lini?"

Basi asubuhi moja, nikimnyoa papa ndevu, nilimweleza yaliyompata baba. Wakubwa wa umoja waliukopesha kwa chama kimoja cha siasa wakati wa uchaguzi. Kahawa ya ghalani ikauzwa kulipia magari na bia. Chama kikashindwa, wakubwa wakahamia mjini, na baba akabaki na funguo za ghala tupu. Watu walikuja kutema mate mlangoni kwetu. Mama alikuwa akiyafuta kwa majivu. Baba hakupona tena.

Papa alikuwa na povu kidevuni. "Nilijua," akasema. "Nilikuwa nimesharudi hapa. Wakulima waliniandikia. Barua nikaiweka mu droo."

"Ukajibu?"

"Hapana."

 Nilitazama shingo yake ile ya ngozi kama karatasi iliyolowa, niliyoiosha kila siku kwa upole, na nikatamani kuacha wembe nivae koti niondoke. Nilimaliza kumnyoa. Nikamfuta, nikampaka mafuta. Kisha nikaenda jikoni kupika.

Baada ya chakula alisema, "Leta daftari."

Kurasa zile kumi na moja tuliziandika siku nne, kwa sababu pumzi yake ilikuwa inakatika. Alisema jinsi chama cha zamani, kikubwa, kilivyochukua dai moja tu la wakulima, kwamba pesa zitengenezwe pia kwa madini ya fedha, si dhahabu tu, kikalibeba mbele kama lake. Mengine yote kikayaacha. Wakuu wa chama cha wakulima wakakubali kumuunga mkono mgombea wa chama kilekile kikubwa. Wengi walilia kwenye mkutano, lakini walikubali. Akashindwa. Baada ya hapo chama chao kilikuwa kama nyumba iliyong'olewa milango, kila mtu akachukua alichoweza.

Kisha akasema lile nisilolijua. Kwamba umoja wa wakulima weupe wa kusini ulikataa kuingiza weusi, na weusi wakaunda wao. Kwamba wachuma pamba weusi walipogoma wapate malipo bora, baadhi ya weupe walewale wa umoja ndio waliokuwa waajiri wao, na viongozi wao wakaupinga mgomo. Kwamba mahali fulani wagomaji walisakwa msituni wakauawa.

"Hii hata darasani nilikuwa naipita haraka," alisema. "Sikutaka kuwachafua watu niliowapenda."

Niliandika hivyohivyo alivyosema.  Nilifikiri: miaka arobaini mtu huyu amekaa juu ya jambo hili kama kuku juu ya yai viza. Nilichukizwa naye, na nilimpenda. Sijui kuyaeleza vizuri zaidi.

Alikufa kabla sijamsomea kurasa mbili za mwisho.

Watu wa Kivu tulimfanyia kilio Matonge, mtaa wa Waafrika huku Ubelgiji, ukumbi wa nyuma ya saluni, kwa sababu wengi walisoma kwake. Alikuwepo tonton, mjomba wa sote kama tunavyomwita, mwenyekiti wa ushirika wetu wa watu wa mlima, mwenye muhuri na mwenye rafiki mchapaji karibu na stesheni ya Gare du Nord. Alisikia habari ya daftari. "Maman, unipatie, tutalitoa kitabu mbele ya ule mukutano wa mwezi wa tatu. Twende nalo nyumbani na heshima."

Hapa ndipo nilipokosea, na simlaumu mtu kwa kosa hili. Kwetu, mtu mzima akikuomba kitu mbele ya watu, humpi nakala. Kunakili kwanza ni kumwambia usoni kwamba unamshuku. Duka la chini lilikuwa na mashine ya fotokopi. Simu yenye kamera ilikuwa mfukoni mwangu. Nilipita mbele ya mashine ile nimelibeba daftari kifuani, nikaenda nikampa kwa mikono miwili, nimepiga goti kidogo.

Wiki tatu baadaye walikizindua kitabu ukumbini palepale. Jalada lilikuwa zuri. Nilifungua ukurasa wa kwanza nikakuta picha ya yule tajiri anayetaka ubunge, ametabasamu, na maneno yake ya utangulizi. Nilikimbilia mwisho. Kiliishia kwenye magari ya farasi na watoto wanaimba. Chini yake kulikuwa na jina la chama cha tajiri.

Nilimfuata tonton mezani. Alikuwa anakula samaki, vidole vinang'aa mafuta.

"Tonton, kurasa za mwisho ziko wapi?"

"Maman, zile zilikuwa na makosa mingi."

"Makosa gani?"

"Zinalia sana. Mukulima anataka kitabu cha kumupandisha moyo, wewe unataka kumupa kilio?" Akageukia meza. "Maman huyu, hata umualike ndoa, atakuuliza mutaachana lini."

Watu walicheka, na mwanamke mmoja alinigonga bega kwa upendo.

"Basi nirudishie daftari."

Akaagiza liletwe. Lilikuja na meno ya karatasi katikati, mahali kurasa zilipochanwa. "Tulitupa, maman," akasema bila aibu, akilamba kidole. "Si tulikuwa tumeshamaliza nazo? Kaa basi, kula."

Kisha alisimama akahutubia. Alisema kitabu hiki ni zawadi ya marehemu kwa wakulima na kwa mgombea wetu. Watu wakapiga makofi. Nami nilipiga. Ningependa kuandika kwamba mikono yangu ilikataa, lakini ilipiga, na nilipotoka nje nilitapika pembeni ya pipa la taka mbele ya watu wanaosubiri basi. Samaki sikuwa nimemla.

Jumapili iliyofuata, baada ya misa, niliketi na daftari jipya nikajaribu kukumbuka. Maneno ya papa yalikuwa yameniponyoka. Nilikumbuka mambo, sikukumbuka alivyoyasema. Zilitoka kurasa nne, na mbili kati yake zilirudia yaleyale. Nilizipiga picha nikamtumia mdogo wangu.

Alinijibu kesho yake, mimi niko kwenye tramu naenda kwa mzee mwingine. Sauti yake ilikuwa ya furaha.

"Dada, asante. Hizo picha nimeziona, maandishi ni madogo, nitazisoma. Vitabu vya tonton vilifika alhamisi na wasafiri. Tulikisoma kwa sauti mu mkutano, wazee walicheka sana kwa ile ya magunia. Basi tumemupa umoja. Wote walinyoosha mukono."

"Na wewe?" nikamwandikia.

"Na miye. Lakini dada, vitabu havikutosha. Unaweza kutuombea kwa tonton vingine makumi mbili?"