Aliyeitika Katikati ya Wimbo

Juzi asubuhi, huku ughaibuni tunakofanya kazi, nilipanda basi la Abu Hamour kwenda West Bay. Mbele yangu walikaa mlinzi, Mkenya wa Majengo, Nairobi, na mpishi wa hoteli kutoka Kolombia. Walikuwa wametunga wimbo wa trap, aina ya rap, pamoja, mmoja kwa Kihispania, mwenzake kwa Kiswahili, kila mtu akiusifu mtaa wake. Mlinzi aliucheza kwenye simu, basi zima tukasikia.

Mwishoni walikuwa wakitaja watu wa kwao. Baada ya kila jina waliacha mdundo peke yake.

"Hapo wataitikia wenyewe, mzee," mlinzi akanieleza. "Nikiwatumia, kila mtu atarekodi sauti yake."

"Mama Mandazi wa Majengo," sauti ya mlinzi ikaita wimboni.

"Nipo," ikajibu sauti ya mwanamke mzee, taratibu, kama mtu aliyeinamia jiko.

Mlinzi aliurudisha wimbo nyuma. Nipo, tena.

"Kumbe umeshawatumia?" nikauliza.

"Bado. Na huyo alizikwa Ramadhani. Mimi nilikuwa hapa kazini."

Mpishi alivua kofia, akafanya ishara ya msalaba. "Khalas, basi," akasema, kidole kikielekea alama ya kufuta.

Mlinzi akaifunika simu kwa kiganja. "Zii, usifute. Mazishi yake sikwenda. Wacha aitike."

Sisi tulifundwa utotoni kwamba ukiitwa na usiyemwona, usiitike. Hakuna aliyetufunza la kufanya pale unapoita wewe, ukaitikiwa.