Zamu ya Mzee Kobelo

Sina sababu ya kutunga. Mtu akitunga habari hujipamba, na mimi katika habari hii sina hata mahali pamoja ninapopendeza. Yalinipata mwenyewe, hapa Morogoro mjini, ndani ya kanisa, jioni bado mapema, watu wamejaa mpaka mlango mkubwa. Sikuwa usingizini, na pombe siijui. Nisikilize tu, halafu unihukumu utakavyo.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na kwa miaka mingi nimekuwa mwalimu wa kwaya ya parokia. Masika yaliyopita tulifanya tamasha ambalo watu bado wanalisifia. Tulichukua nyimbo za kale za Kilatini, zile walizoimba watawa wa Ulaya mamia ya miaka iliyopita bila ngoma wala kinanda, tukazichanganya na jazz. Saksafoni, gitaa la besi, ngoma, na waimbaji wangu wamevaa majoho meupe. Watu waliniuliza wazo lile nimelipata wapi. Nikawa nacheka na kujibu, "Roho tu." Huo ni uongo, na wala si ule mkubwa.

Wazo lilikuwa la Mzee Kobelo. Alikuwa mzee wa milimani, juu ya Mlali, njia ya kwenda Mgeta. Utotoni mapadri wa zamani walimfundisha nyimbo za Kilatini mpaka akazijua kwa kichwa. Ujanani akateremka kwenye mashamba ya miwa, akapiga tarumbeta katika bendi iliyowachezesha wafanyakazi. Enzi hizo bendi yoyote ya dansi ilijiita jazz. Jumamosi anapiga dansi mpaka kunakucha, Jumapili anaimba Kilatini macho mekundu. Mara ya kwanza kumsikia ilikuwa kwenye mazishi ya jirani yake. Kwaya ya kigango ilipomaliza wimbo wa kuaga, yeye aliudaka kwa tarumbeta, akaurudia taratibu, akiuyumbisha kidogo kama mtu anayecheza na mke wake uzeeni. Nililia kama mtoto.

"Shikamoo mzee," nilimfuata. "Hiki kitu lazima watu wa mjini wakisikie."

"Marahaba mwanangu. Wewe niambie lini tu, nitakuja."

Nikamwahidi nafasi. Katika wimbo wa mwisho, kwaya ikimaliza ubeti wa kwanza, vyombo vyote vinyamaze, na tarumbeta yake peke yake ipige mapigo manane. Hiyo ndiyo ilikuwa zamu yake. Mapigo manane tu, amini, hata dakika haifiki.

Akawa anateremka kuja mazoezini na koti lake la kahawia lenye vifungo vitatu, cha katikati cheupe kwa sababu chenyewe kilipotea. Tarumbeta ameifunga kwenye khanga ya mkewe. Alikaa kwenye benchi karibu na mlango wa pembeni, na kila nilipoteremsha mkono aliuliza, "Mwalimu, zamu yangu bado?" Waimbaji wakaifanya mzaha wao. Mtu akichelewa kupata chai, utamsikia: mwalimu, zamu yangu bado?

Kisha wakaja wanamuziki kutoka Dar. Kiongozi wao, mpiga saksafoni, alimsikiliza mzee mara moja tu, akanivuta pembeni. "Dada, huyu mzee pumzi hana, na meno ya mbele hana. Atatutia aibu. Hiyo sehemu yake nitaipiga mimi." Hakusema uongo. Sauti ya mzee ilikuwa inatetemeka, na siku nyingine haitoki kabisa. Lakini nilijua, na nitakufa nikijua, kwamba kule kutetemeka ndiko kulikoniliza kule milimani. Nikakubaliana na wa saksafoni.

Sasa je, nilimwambia mzee? Hapana. Nilimshikilia mikono miwili, nikainama kidogo kwa adabu, nikamwambia tamasha limeahirishwa. "Likipangwa tena nitakujulisha, mzee wangu." Yeye akafunga tarumbeta kwenye khanga. "Haya mwanangu. Mimi nipo." Mvua ilikuwa inanyesha. Nilimtazama akivuka uwanja wa kanisa, nikajiambia nimemhifadhia heshima yake. Mtazame mtu alivyo mnafiki!

Wiki moja kabla ya tamasha Mzee Kobelo alilala, hakuamka. Nilipanda milimani kuzika. Mkewe aliniona, akanikalisha mkekani karibu yake, akanishika mkono. Hakuwa na neno baya nami, na hilo ndilo lililoniumiza.

"Jumapili kabla hajafariki, kigangoni walitangaza tamasha lako," aliniambia. "Nikamuuliza, mbona wewe hukuambiwa? Akasema mwalimu ana mambo mengi, atakuwa amesahau tu. Akanipa koti nilipige pasi, ukimkumbuka umkute tayari."

Nilitamani ardhi inimeze pale pale. Na wakati huohuo akatokea Shomari.

Kwetu Uluguru kila ukoo una watani wake, na mtani msibani ana ruhusa ya kufanya mambo ambayo mtu mwingine angepigwa. Anaigiza mwendo wa marehemu, anaigiza kikohozi chake, waliofiwa wanacheka huku machozi yanatoka. Shomari, muuza kabichi wa Mlali, ndiye alikuwa mtani wa Mzee Kobelo. Alitoka ndani amevaa lile koti la kahawia, mashavu ameyafyonza kama mtu asiye na meno, tarumbeta mdomoni. Akazunguka uwanja mzima, akaja kusimama mbele yangu mimi, kati ya watu wote wale. "Mwalimu, zamu yangu bado?"

Sauti ilikuwa ileile! Watu walicheka, hata mjane alicheka. Mimi niliinuka, nikasema nakwenda kuongea na simu, nikateremka mpaka barabarani nikapanda pikipiki. Jeneza lilikuwa bado halijatoka ndani. Nilikimbia mazishi ya mtu niliyemdanganya.

Siku ya tamasha mvua ilinyesha tangu mchana, lakini kanisa lilijaa. Sehemu ya kwanza ilikwenda vizuri mno. Wakati wa mapumziko nilipita mlango wa pembeni kwenda sakristia kunywa maji. Na pale, kwenye lile benchi, alikuwa amekaa mtu. Koti la kahawia, kifungo cheupe katikati, khanga mapajani, tarumbeta juu ya khanga. Mashavu yameingia ndani. Wingu lilikuwa limefanya giza pale mlangoni, sikumwona uso vizuri. Aliinua kichwa.

"Mwalimu, zamu yangu bado?"

Niliogopa? Hata kidogo. Nilipandwa na hasira. Nikasema moyoni, huyu Shomari ana wazimu, na kipaji anacho, mshenzi huyu. Amenifuata mpaka kanisani, siku kama hii! Nikamwinamia ili watu wasisikie.

"We Shomari, toka! Utani mwisho wake makaburini. Kobelo mwenyewe nilimkatalia akiwa hai. Hakuahirishiwa tamasha wala nini, sikumtaka, alikuwa ananiharibia. Sembuse wewe!"

Hayo maneno niliyatamka kwa kinywa changu. Yale niliyoshindwa kumwambia mzee kwa staha, kukaa naye chini, niliyasema pale kwa kumfokea mtu.

Akasema taratibu, bila kuigiza chochote, "Kumbe. Mimi nilijua umesahau tu."

Akaifunga tarumbeta kwenye khanga, mkunjo kwa mkunjo. Akainuka, akatoka kwenye mvua. Nikaona mabegani ana udongo mwekundu, nikafikiri ni madoido ya mtani. Kilichonipita wakati ule ni hiki: mvua ilikuwa ya kumwagika, hakukuwa na njia ya kufika pale bila kulowa, na koti lake lilikuwa kavu.

Tukarudi sehemu ya pili. Ukafika wimbo wa mwisho. Kwaya ikamaliza ubeti wa kwanza, vyombo vikanyamaza, nikampa ishara yule wa saksafoni. Alikuwa ameshaweka mdomo kwenye chombo. Hakupiga. Mapigo manane yalipita kanisa zima kimya, mvua tu juu ya bati. Kisha nikaiingiza kwaya, na watu wakadhani ndivyo tulivyopanga. Walisimama kupiga makofi. Tulipomaliza nilimfuata, nikamuuliza amepatwa na nini.

"Dada, nilisikia mtu nyuma yako akivuta pumzi," alisema. "Kama mpulizaji anayetaka kuingia. Nikajua umemrudisha yule mzee, nikampisha."

Kesho yake nilikwenda Mlali kumkoromea Shomari. Nilimkuta kibarazani, mguu wa kushoto umefungwa hogo la plasta mpaka gotini. Aliteleza akishuka kutoka makaburini siku ileile ya mazishi, na tangu hapo hajavuka hata barabara. Majirani walikuwepo, kila mtu anajua. Hata hivyo nikajikaza.

"Basi lile koti ulimpa nani?"

"Koti gani, mwalimu?"

"La Mzee Kobelo."

Shomari alinitazama vile unavyomtazama mtu anayeulizia kitu kilicho wazi. "Koti nililivua pale kaburini mbele ya watu, nikamfunikia jeneza kwa mkono wangu, na tarumbeta yake juu. Bibi ndivyo alivyotaka. Halafu tukarudishia udongo." Akausogeza mguu wake mgonjwa. "Ungekuwepo ungeona."

Alijua kwamba sikuwepo. Kila mtu alijua. Niliaga, hata sikumpa pole ya mguu.

Sasa unisikilize vizuri. Tangu siku ile, kila Jumapili nikiinua mkono kuiingiza kwaya, nyuma yangu, upande wa mlango wa pembeni, mtu anavuta pumzi. Ni pumzi ya mtu asiye na meno ya mbele, ina unyevunyevu fulani, ya kujiandaa na noti ndefu. Inasubiri. Nikiteremsha mkono kwaya inaimba, na yenyewe inapotea. Miezi hii yote hakuna noti iliyowahi kutoka.

Jumapili moja nilishindwa kuvumilia. Baada ya komunyo niliipa kwaya mgongo, nikageukia mlango ule, nikainua mkono mbele ya waumini wote, nikampa zamu yake. Nikamhesabia mapigo manane kamili. Waumini walidhani nimeguswa na sala. Pumzi ilivutwa, nikaisikia, nikafumba macho nikisubiri. Halafu ikashushwa polepole tu, kama mtu anayefunga kitu kwenye khanga.

Kwa hiyo nakuonya. Kama kuna mtu humtaki, mwambie humtaki, angali na uso wa kukununia na miguu ya kwenda zake. Usimshike mikono miwili ukamwambia utamjulisha. Atakwenda kukaa na koti lake lililopigwa pasi, akikutetea kwa mkewe, na siku utakayomwambia ukweli hatakuwa tena mtu wa kuweza kukusamehe.

Nasema hivyo mimi, na mjane wa Mzee Kobelo bado sijamwambia. Jumanne iliyopita alinipigia simu. Aliniuliza hali, akauliza kwaya inaendeleaje, akasema, "Mwalimu, yule mzee alikuwa anakupenda sana. Njoo siku moja tuongee."

Nilikuwa nimesimama jikoni kwangu, sufuria iko motoni, mchana kweupe. Maneno yote yalikuwa hapa, kwenye ulimi. Nikafungua mdomo.

"Sawa mama," nikasema. "Siku nitakayokuja nitakujulisha."

Na nyuma yangu, pale pale jikoni, nikasikia mtu akivuta pumzi.