Chungu cha Mzee Yekosofati

Janepher, mke wa Koplo Gaster wa polisi ya Jinja, alikuwa mlokole wa kweli kweli, si wale wa Jumapili tu. Akimsengenya jirani asubuhi, kabla ya chakula cha mchana amekwisha kubisha mlangoni kuomba radhi, mpaka watu wakaanza kumkimbia kwa kuchoshwa na toba zake. Sasa mtu wa namna hiyo, hebu niambie, aliwezaje kukaa na jambo moja moyoni miaka sita?

Lilianzia Busiu, upande wa Mbale, mwaka wa hamsini na tatu, hata mwezi wa uharusi haujaisha. Walokole walikuwa wakipita nyumba kwa nyumba kuchoma hirizi. Janepher naye, kwa ule moto wa wokovu mpya, akapekua nyumba ya wakwe. Darini akaona chungu; ndani yake furushi la lubugo, ile nguo ya gome la mti, limekazwa kwa kamba za mgomba. Ehe, akasema, haya ndiyo yenyewe! Hakulifungua, nani afungue uchawi wa watu? Akalitupa motoni pamoja na hirizi za kijiji kizima, akaimba kuliko wote, kisha akakifunga chungu kifuniko, akakirudisha darini kitupu ili wenyewe wasigombe.

Mwezi uliofuata Gaster akamwambia kwa majivuno kwamba baba yake, Mzee Yekosofati, mwalimu wa kwanza wa kanisa pale, alikuwa na daftari. Kila aliyebatizwa Busiu hapo mwanzo, mzee alimwuliza kwa nini anautaka ubatizo, akaandika jibu neno kwa neno. Daftari liko darini, ndani ya chungu, limefungwa kwa lubugo lisiliwe na mchwa.

"Kumbe," akasema Janepher, akatoka kwenda kutapika. Watu wakadhani ana mimba.

Basi akanyamaza. Kwa bahati, kama ile ni bahati, mzee akaingiwa na mtoto wa jicho, hakuweza kusoma tena, na chungu hakikuguswa.

Hadi Desemba ya hamsini na tisa. Janepher alikuwa Nalufenya, mtaa wa Jinja, dukani kwa Balwant, Singasinga mmoja aliyependa kuwasomea wateja gazeti, watake wasitake.

"Mama, hii habari ya kwenu," akasema huku akipima sukari. "Wakulima wa Misri nachimba, napata mtungi. Ndani iko vitabu ya Wakristo wa zamani sana, miaka zaidi ya elfu moja. Iko maneno ya Yesu, lakini kwa Biblia yenu hakuna."

"Maneno gani hayo?"

"Wataalamu bado nabishana. Huyu nasema ya kweli, yule nasema ya uongo."

Janepher alichanganyikiwa pale pale. Yesu alisema mengine? Na yeye aliyeokoka bila kuyasikia, ameokoka nusu? Halafu ule mtungi, jamani, ule mtungi!

"Bwana Balwant, na kama mtu angevichoma?"

"Kuchoma si kitu. Kitabu yetu takatifu ikichakaa, sisi nachoma. Lakini kwa heshima, kama maiti yetu."

"Na bila heshima?"

Balwant akaweka kitanga cha mizani chini. "Mama, umechoma nini?"

"Nipe sukari yangu niende."

Njiani mawazo yalimpeleka huku na kule. Mungu aliulinda mtungi wa Misri karne zote hizo. Chungu cha Busiu mbona akakiachia mikono yake yeye? Au Mungu hakulihitaji lile daftari? Kama hakulihitaji, mbona bado linamwandama? Na aliyemwambia "choma" siku ile alikuwa Roho, au Janepher mwenyewe akijisikia mtakatifu?

Wiki hiyo hiyo barua ikaja. Mzee naye alikuwa amezisikia habari za Misri kutoka kwa mchungaji wa Mbale. "Hata sisi tuna mtungi wetu," alimwambia mwandishi wake aandike. "Njoni Krismasi. Mkamwana atanisomea daftari. Mchungaji atakuja kusikiliza."

Wakapanda basi. Kuanzia Bugembe, nje kidogo ya Jinja, Janepher alifungua kinywa amwambie mumewe, akakifumba. Walishuka Busiu hajasema neno.

Kwao mkamwana hamtazami baba mkwe usoni. Basi Gaster alipokwenda kuwaamkia wajomba, Janepher akapiga magoti nje ya mlango, mgongo kwa mzee. Ndani, mzee alikuwa amekipakata chungu, kifuniko bado kimefungwa.

"Umefika, mwanangu. Kesho wewe ndiye macho yangu."

"Baba, chungu ni kitupu. Daftari nililichoma mimi. Nilidhani ni hirizi."

Akasikia kamba ikifunguliwa, kisha mkono ukipapasa ndani ya chungu, ukizunguka, ukirudia pale pale.

"Ulisoma kwanza?"

"Hapana, Baba."

"Hata jina moja?"

"Hata moja."

"Basi hata wewe huwezi kunikumbusha."

Hakufoka. Afadhali angefoka. Janepher akalia waziwazi. "Nisamehe, Baba."

"Mungu ni mwepesi wa kusamehe. Mimi nipe muda." Akakiweka chungu chini. "Una kalamu?"

Alikuwa na penseli, na daftari lake la mahubiri.

"Wa kwanza, Wamono, mtega fuko. Alisema, 'Nimekuja kuona kama kweli Mungu huyu hataki mbuzi.' Wa pili, Kakai, mjane; zamani mjane hakula akiwatazama watu. Alisema, 'Nimechoka kula nimewageuzia watu mgongo.'"

Penseli ikasita. Janepher akauona mgongo wake mwenyewe, alivyokaa. Ageuke? Asigeuke? Ni adabu au ni nini? Hakugeuka, akaandika.

"Wa tatu, Mugide. Huyo alicheka tu. Andika hivyo, alicheka."

"Nimeandika, Baba."

"Wa nne ni Khainza. Mama yangu."

Janepher akaandika jina, akangoja. Akangoja tena.

"Alisema nini, Baba?"

"Niliandika ili nisisahau," akasema mzee.